Issette Pearson: mwanamke aliyepima ugumu wa viwanja vya gofu

Kwenye taarifa za michezo za mwisho wa wiki huwa tunasoma matokeo ya gofu, na mara nyingi mchezaji wa handikapu 18 anamshinda wa handikapu 6. Kwa asiyecheza gofu, hesabu hiyo ni kama kitendawili. Katika gofu anayetumia mikwaju michache kufikisha mpira kwenye mashimo yote ndiye mshindi. Handikapu ni idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ili dhaifu na hodari waweze kushindana.

Sasa, viwanja havilingani. Kimoja ni tambarare na kifupi, kingine kina upepo wa bahari, mchanga na vichaka. Ni kama kumlinganisha mkulima wa bondeni kwenye udongo mweusi na mwenzake wa mlimani kwenye mawe, kwa kuhesabu magunia tu. Mwenye magunia machache huenda ndiye mkulima bora. Miongoni mwa watu wa kwanza kulitatua tatizo hili kwa nchi nzima alikuwa Mwingereza Issette Pearson, aliyezaliwa mwaka 1861.

Ujana wake ulikuwa wakati ambapo wanawake wa Uingereza walicheza gofu kwa kuvumiliwa tu. Wengi walitengewa viwanja vidogo kando ya vile vya wanaume, na wapo waungwana walioandika kwamba haipendezi mwanamke kuinua fimbo juu ya bega. Bi Pearson alichezea klabu ya wanawake ya Wimbledon, karibu na London. Mwezi Aprili 1893 yeye na wenzake walikutana katika hoteli moja London na kuanzisha Chama cha Gofu cha Wanawake. Daktari Laidlaw Purves, mwanamume aliyewaunga mkono kwa dhati, aliwasaidia sana. Bi Pearson akawa katibu wa kwanza.

Kabla ya hapo walikuwa wameomba ushauri kwa Horace Hutchinson, aliyekuwa bingwa wa Uingereza mara mbili. Alijibu kwa barua akiwashauri waachane na jambo hilo: wanawake hawatadumu katika chama, watagombana, na miili yao haiwezi mashindano marefu.  Barua ile haikumzuia mtu.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa yalifanyika mwaka huohuo huko St Annes, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Bi Pearson alifika fainali, akafungwa na Lady Margaret Scott. Mwaka uliofuata alifika tena fainali, na aliyemfunga ni yuleyule. Hakupata kuwa bingwa. Kwa maoni yetu, kazi yake kubwa aliifanya mezani, akiwa na kalamu na makaratasi.

Wakati ule kila klabu ilijipangia handikapu yake. Mchezaji bora wa klabu alipewa sifuri, na wengine wote wakapimwa kwa kumtazama yeye. Klabu ndogo yenye wachezaji wa kawaida ilikuwa na sifuri wake, na klabu kubwa yenye mabingwa pia ilikuwa na sifuri wake. Walipokutana, yule wa klabu ndogo aliaibika. Mwingine alipewa mikwaju mingi kupita kiasi na kuondoka na kikombe ambacho hakukistahili. Manung'uniko hayakuisha.

Chama cha Bi Pearson kiligeuza hesabu. Uwanja ndio uliopimwa kwanza: mchezaji hodari kabisa wa kike, akicheza vizuri, angetumia mikwaju mingapi hapa? Namba hiyo ikawa ndiyo kipimo cha uwanja, na kadi za kila mwanachama zikalinganishwa nayo. Tuseme uwanja wa bondeni una kipimo cha 72 na Bi wa kwanza amepiga 90; amezidi kwa 18. Uwanja wa pwani wenye upepo una kipimo cha 80 na Bi wa pili amepiga 96. Amezidi kwa 16. Kwa kutazama kadi peke yake, wa kwanza ndiye bora. Kwa kipimo cha uwanja, wa pili ndiye aliyecheza vizuri zaidi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ugumu ulikuwa kuzifanya klabu zikubali, kwa sababu hakuna klabu inayopenda kuambiwa na mtu wa nje kwamba uwanja wake ni mwepesi. Bi Pearson alijulikana kwa ukali na kwa kushika kanuni, na tunadhani mtu mpole asingefika mbali. Baada ya takriban miaka kumi mfumo ulikuwa umeshika mizizi katika klabu za wanawake. Wanaume wa Uingereza walipata kipimo chao cha pamoja cha viwanja katikati ya miaka ya 1920, wakati yeye alikuwa tayari amestaafu. Aliacha ukatibu mwaka 1921, akiwa ameshaolewa na kuitwa Bi Miller, na alifariki mwaka 1941.

Kasoro moja ilibaki. Namba ile ilipima ugumu kwa mchezaji hodari tu, lakini kichaka kinachomgharimu hodari mkwaju mmoja kinaweza kumla dhaifu minne. Kwa hiyo leo kila uwanja una namba ya pili, kuanzia 55 hadi 155, inayoonyesha mchezaji wa kawaida anaumia kiasi gani kuliko hodari. Uwanja wa wastani ni 113. Unachukua handikapu yako, unazidisha kwa namba ya uwanja, unagawanya kwa 113. Mwenye 20 akienda uwanja wa 135 anapewa mikwaju 24. Akienda wa 95 anapewa 17, kabla ya marekebisho mengine madogo.

Mfumo huo mmoja ulianza kutumika kimataifa mwaka 2020, kwa wanaume na wanawake pamoja. Chama alichokianzisha Bi Pearson hakikuwepo tena peke yake kuushuhudia; kilikuwa kimeunganishwa na taasisi ya R&A ya St Andrews, Scotland, mwaka 2017.