Mfahamu Isidor Rabi, mtoto wa muuza duka aliyefungua njia ya MRI

Ukiwa Mbangala, wilayani Songwe, habari za dhahabu si ngeni. Lakini tangu 2016 ukanda huu wa Ziwa Rukwa una habari nyingine: gesi ya heliamu. Mwaka huo watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu ya bonde la Rukwa inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo. Wengi tunaijua kwa maputo tu. Kumbe ikigeuzwa kimiminika, kwenye nyuzi joto karibu -269, ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Na MRI huwezi kuiongelea ukamwacha Isidor Rabi.

Alizaliwa 1898 Rymanów, mji ambao leo uko Poland. Akiwa bado mchanga wazazi wake wakahamia New York, maisha ya kuunga-unga, baadaye baba akafungua duka dogo la vyakula Brooklyn. Nyumbani walikuwa Wayahudi washika dini. Dogo akakutana na maktaba ya mtaa, akasoma kitabu cha elimu ya nyota, na tangu hapo wazazi wakawa na kazi ya kujibu maswali yake.

Njia yake haikunyooka. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza 1919, halafu akakaa karibu miaka mitatu bila kazi ya maana (wahitimu wa sasa mtamwelewa). Aliporudi darasani ndipo akagundua kuwa anachokipenda ni fizikia.

Hapa ndipo stori inaponoga. Mwaka 1926 nadharia mpya ya kwanta ilikuwa inatoka moto Ulaya, ila pale Columbia alipokuwa anasomea udaktari hakukuwa na wa kuwafundisha vizuri. Rabi na wenzake wakawa wanakutana Jumapili, wanasoma makala za Wazungu wa Ulaya wenyewe kwa wenyewe. Yeye na Ralph Kronig wakajipa swali gumu: molekuli inayozunguka kama pia inafuata hesabu gani? Wakakwama. Siku moja Rabi akiwa anajisomea maandishi ya zamani ya mwanahisabati Jacobi, akakuta humo mlinganyo wa sura ileile. Swali likaisha, makala ikatoka 1927.

Mwaka huohuo akavuka bahari. Alifika Copenhagen kwa Niels Bohr bila hata kutoa taarifa, akaelekezwa Hamburg kwa Wolfgang Pauli. Alienda kusoma nadharia. Lakini Hamburg kulikuwa pia na maabara ya Otto Stern, waliokuwa wanapitisha miale ya atomu katikati ya sumaku, na Rabi akanasa.

Aliporudi Columbia 1929 akaanza kujenga yake. Wazo lenyewe ni hivi: viini vya atomu nyingi vina tabia ya sumaku ndogo. Ukikiweka kiini ndani ya sumaku kubwa, kinayumba kama pia inayokaribia kuanguka, ila hakianguki. Kila aina ya kiini ina kasi yake. Cha hidrojeni, kwenye sumaku ya tesla 1, huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde, na hayo ni masafa ya redio kabisa. Ukikirushia wimbi la redio lenye masafa hayohayo, kinageuka. Yasipolingana, hakishtuki.

Mwaka 1938 Rabi na timu yake walionesha jambo hilo kwa molekuli za kloridi ya lithi. Walipogusa masafa sahihi, molekuli zinazofika kwenye kipimo zikapungua ghafla. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1944 ikaja kwake.

Ila mbinu yake ilihitaji miale ndani ya ombwe. Felix Bloch na Edward Purcell ndio waliofanya iwezekane kwenye vitu vya kawaida, kama maji na nta, kufikia 1946. Wanakemia nao wakaona kwamba hidrojeni huitika tofauti kidogo kutegemea jirani zake kwenye molekuli, na leo ndivyo wanavyosoma umbo la dawa au kukamata kahawa ya arabika iliyochanganywa na robusta. Wakulima wa Mbozi hilo linawahusu.

Wakati wa vita Rabi alifanya kazi ya rada. Baadaye alipinga bomu la hidrojeni, akachangia kuanzishwa kwa CERN.

Mwishoni mwa 1987 alikuwa mgonjwa wa saratani. Madaktari wakamwingiza kwenye MRI. Humo ndani akaiona sura yake kwenye ukuta wa mashine, na akasema wazi hakuwahi kuwaza kwamba kazi yake ingefika huko. Alifariki New York Januari 11, 1988, akiwa na miaka 89.