Sammy Wanjiru: Chali wa Nyahururu Aliyechoma Beijing

Kabla ya Kipchoge, wasee, kulikuwa na Sammy. Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa Nyahururu 1986, akalelewa na mamake, na doo haikuwa. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alitoka Kenya kwenda kusoma shule ya upili Sendai, Japani. Huko kuna ekiden, mbio za kupokezana barabarani, na kwa mashindano ya kitaifa kila mkoa hutuma shule yake. Boy wa Nyahururu akawa anakimbilia mkoa wa Miyagi.

Sasa cheki hii. Hadi 2008, hakuna Mkenya alikuwa amebeba dhahabu ya marathoni kwa Olimpiki. Douglas Wakiihuri na Eric Wainaina, wote waliopikwa Japani, walifika fedha tu. Hata Beijing, wiki moja kabla, Catherine Ndereba wa Nyeri alipata fedha.

Tarehe 24 Agosti, jua kali, wengi walitarajia mbio za pole pole. Sammy hakutaka hiyo story. Alichoma toka mwanzo, akamaliza kwa 2:06:32. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes ya 1984 ilishuka karibu dakika tatu. Chali alikuwa na miaka 21.

Akashinda London, na Chicago mara mbili. Lakini pesa ilikuja na pombe na shida za nyumbani. Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akaaga akiwa na miaka 24.

Rekodi yake ya Beijing ilisimama hadi Paris 2024. Ilivunjwa kwa sekunde sita tu.