Mary Lyon: Mwalimu wa mfuko wa kijani ambaye wanafunzi hawaachi kurudi kwake

Kila mwaka mwezi Mei, katika mji mdogo wa South Hadley, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, utawaona wanawake waliovaa nyeupe tupu wakitembea kwa msafara. Wapo waliomaliza chuo miaka michache tu iliyopita, wapo na mabibi wa miaka themanini na kitu. Wahitimu wapya wamebeba mabegani mnyororo mrefu wa majani mabichi.

Msafara huo unaishia kaburini. Mnyororo unazungushwa kwenye uzio wa chuma, wanaimba, halafu ndiyo wanaanza kukumbatiana na kuulizana habari za watoto.

Aliyelala hapo ni Mary Lyon. Alifariki mwaka 1849, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Lyon alizaliwa Februari 28, 1797, kwenye shamba la milimani kijijini Buckland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Alipofika miaka 13, mama akaolewa tena na kuhama. Binti akabaki na kaka yake Aaron, akimpikia na kumtunzia nyumba, na kaka akawa anamlipa dola moja kwa wiki. Hela ile hakuichezea, aliiweka kwa ajili ya masomo.

Mwaka 1814 akapata kazi yake ya kwanza ya ualimu kwa senti 75 kwa wiki, pamoja na chakula na pa kulala. Akawa anafundisha kidogo, anasoma kidogo, hela ikiisha anarudi kufundisha.

Wakati huo wavulana walikuwa na Harvard na Yale. Wasichana walikuwa na shule zilizomtegemea mwalimu mmoja: akiugua, akiolewa au akiishiwa hela, shule inafungwa. Lyon aliliona hilo kwa karibu mjini Ipswich, alikofundisha na rafiki yake Zilpah Grant. Walijaribu kuipata shule yao mfuko wa kudumu, wakashindwa. Mwaka 1834 akaacha kazi. Alitaka shule yenye jengo lake na bodi yake, ambayo yeye akifa kesho itaendelea.

Na hela angetoa wapi? Hapa ndipo hadithi inapofanana na michango yetu ya kwenye vikundi vya WhatsApp.

Alianza na wanawake wa Ipswich, walimu, wanafunzi na akina mama wa majumbani, wakampa karibu dola 1,000. Kisha akachukua mfuko wa kijani wa mahameli na kupanda magari ya farasi, mji hadi mji, akigonga milango. Kuna waliotoa mamia ya dola, kuna waliotoa senti sita. Akina mama wa miji mbalimbali aliwaomba kila kikundi kichangie vitanda, mashuka na viti vya chumba kimoja. Watu wakamsema, eti mwanamke wa heshima hasafiri peke yake akiomba hela. Hakuacha.

Novemba 8, 1837, Mount Holyoke Female Seminary ilifunguliwa na wanafunzi wapatao 80. Jengo lilikuwa halijakamilika, mafundi bado wanagonga misumari. Ada pamoja na malazi ilikuwa dola 60 kwa mwaka, chini kuliko shule nyingi za aina hiyo, kwa sababu wasichana wenyewe walipika, walifua na kufagia. Lyon mwenyewe aliridhika na mshahara wa dola 200 kwa mwaka. Darasani hakulegeza: hesabu na sayansi zilikuwa za lazima, na kemia aliifundisha mwenyewe.

Tusimfanye malaika. Kengele zililia kutwa nzima, na wasichana walitakiwa kujitaja hadharani wakivunja kanuni. Waligawanywa pia kwa imani: waliookoka, wenye matumaini, na wasio na matumaini. Emily Dickinson, ambaye baadaye angekuwa mshairi mkubwa wa Marekani, aliwekwa kundi la mwisho. Alisoma hapo mwaka wa 1847 hadi 1848, akaondoka na hakurudi.

Wengi wengine waliondoka bila kuachana. Mapema kabisa waliosoma hapo walianzisha chama chao na kuchapa vijitabu vya majina: nani yuko wapi, nani ameolewa na nani, nani amefariki. Mtu aliyekuwa mbali, mathalani Uajemi ambako Fidelia Fiske alikwenda kufundisha mwaka 1843, aliweza kujua habari za wenzake.

Mapema 1849 mwanafunzi mmoja aliugua ugonjwa mkali wa ngozi na homa. Lyon hakumkimbia. Binti yule alifariki, na muda si mrefu mwalimu naye akaugua. Alifariki Machi 5, akiwa na miaka 52. Walimzika ndani ya eneo la shule.

Lile aliloliogopa halikutokea: shule haikufungwa. Mwaka 1872 waliosoma hapo wakaunda umoja wa kitaifa. Septemba 1896 jengo la kwanza likateketea kwa moto, na wao wakawa miongoni mwa waliochangia kujenga upya. Hata Afrika walifika: mwaka 1874 wahitimu wawili, Abbie Ferguson na Anna Bliss, walifungua shule ya wasichana mjini Wellington, Afrika Kusini, kwa mfano wa Mount Holyoke.

Chuo bado kipo na bado ni cha wanawake. Mbali na msafara wa Mei, kila Novemba kuna siku ya mwanzilishi. Wanafunzi wanaamka alfajiri, baridi inauma, wanakwenda karibu na kaburi la Lyon wakiwa wamejifunga mablanketi. Wakifika wanapewa aiskrimu, na wanaila.