Vincas Kudirka (1858–1899)

Mtahiniwa, kumbuka jina hili unapojadili mchango wa magazeti na majarida katika kudai uhuru. Kudirka alikuwa daktari nchini Lithuania, iliyotawaliwa na Urusi. Hadi mwaka 1904, watawala walipiga marufuku kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo jarida lake, Varpas, yaani Kengele, lililoanza mwaka 1889, lilichapishwa Prussia na kuingizwa nchini kwa magendo. Akiugua kifua kikuu katika mji mdogo wa Naumiestis, mpakani, alitunga wimbo uliotoka jaridani humo mwaka 1898. Baadaye ukawa wimbo wa taifa.

Zingatia: Kudirka hakuuona uhuru wa mwaka 1918. Mwaka 1934 mji alikofia ulipewa jina lake: Kudirkos Naumiestis.