Sonja Henie: Malkia wa barafu aliyeigawa Norway

Katika nchi ya Norway, jina la Sonja Henie bado huamsha fahari na kinyongo kwa pamoja. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1912 katika mji wa Kristiania, ambao leo ni Oslo. Baba yake, Wilhelm, alikuwa mfanyabiashara wa manyoya na bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli.

Akiwa na umri wa miaka 11 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1924 huko Chamonix, Ufaransa, na akashika nafasi ya mwisho kati ya wanawake 8. Miaka mitatu baadaye alitwaa ubingwa wa dunia mjini Oslo. Ushindi huo ulizua manung'uniko, kwa kuwa waamuzi watatu kati ya watano walikuwa raia wa Norway. Henie alijibu kwa vitendo: hakupoteza tena taji hilo hadi mwaka 1936, akafikisha mataji 10. Alinyakua pia dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo: 1928, 1932 na 1936.

Kabla yake, kuteleza kwenye barafu kulikuwa zaidi ni ustadi wa kuchora maumbo kwa makali ya kiatu. Henie, aliyevutiwa na mcheza baleti wa Urusi, Anna Pavlova, aliunganisha miruko, mizunguko na muziki vikawa kitu kimoja. Sketi yake fupi haikuwa pambo tu. Iliipa miguu yake uhuru wa kuruka. Nguvu na madaha vilikutana ndani ya mwili mmoja.

Hata hivyo, mwaka 1936, katika onyesho mjini Berlin, alimpigia Adolf Hitler saluti ya Kinazi. Magazeti ya nyumbani yalimshutumu vikali. Baadaye alikula chakula na kiongozi huyo na kupewa picha yenye sahihi yake. Wakati Ujerumani ilipoikalia Norway kuanzia mwaka 1940, Henie alikuwa Marekani, tayari nyota tajiri wa filamu za Hollywood. Mwaka 1941 alichukua uraia wa huko. Wengi nyumbani walimlaumu kwamba aliwapa mgongo wenzake katika saa ya dhiki.

Mwaka 1956 aliolewa na Niels Onstad, tajiri wa meli kutoka Norway. Mwaka 1968 wawili hao walifungua kituo cha sanaa za kisasa huko Høvikodden, karibu na Oslo, na kukitunuku mkusanyo wao wa michoro.

Henie alifariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 1969, ndani ya ndege iliyokuwa ikimpeleka Oslo kutoka Paris. Alikuwa na umri wa miaka 57. Amezikwa kilimani, juu ya kituo hicho, ambamo vikombe na medali zake vimehifadhiwa. Wageni huvistaajabia, saluti ya Berlin nayo haijasahauliwa.