Shaaban Robert: Karani mnyenyekevu aliyeacha hazina ya Kiswahili

WENGI humkumbuka marehemu Shaaban Robert kwa vitabu walivyovisoma darasani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba gwiji huyu, anayeenziwa kote Afrika Mashariki, aliajiriwa maisha yake yote akiwa karani wa serikali.

Alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Mnamo 1922 alikwenda Dar es Salaam kusoma na akahitimu mwaka wa 1926. Mwaka huo huo aliajiriwa katika idara ya forodha, alikohudumu hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori, kisha katika ofisi ya mkuu wa wilaya ya Tanga, na hatimaye katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960.

Huo ulikuwa wakati wa ukoloni, na rangi ya mtu ndiyo iliyoamua kimo cha cheo chake. Kipaji kama chake kingeweza kuoza kwa kinyongo. Yeye alichagua njia nyingine: aliitimiza kazi yake ndogo kwa uaminifu, kisha akashika kalamu kuandika mambo yake makubwa.

Msiba nao haukumpitia kando. Mkewe, Amina, alipofariki, alimwombolezea kwa shairi ambalo hadi leo linahesabiwa miongoni mwa tungo bora za Kiswahili. Watoto wake hakuwaachia mali nyingi. Mwanawe wa kiume alimtungia utenzi wa Adili na bintiye akamtungia utenzi wa Hati, ili wajue kumcha Mungu, kuwaheshimu watu na kuuchunga ulimi. Huo ndio urithi ambao mwizi hauibi wala mchwa hauli.

Hata hivyo, unyenyekevu wake haukuwa woga. Katika Kusadikika, kilichochapishwa mwaka wa 1951, Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kufundisha uanasheria. Hatukani wala hapigi magoti. Anajitetea kwa hoja, siku baada ya siku, mpaka haki inapatikana. Wasomaji wengi waliiona humo taswira ya utawala wa kikoloni wenyewe.

Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaiacha kazi ya ukarani Unguja, licha ya ujira wake, na kwenda kulima kijijini Busutamu. Huko anapata utulivu ambao mshahara haukuweza kuununua. Ni vigumu kuamini kwamba aliyeandika hayo hakuwa akiyawaza akiwa kwenye meza yake ya ofisini.

Vivyo hivyo, alipoandika wasifu, hakumchagua sultani wala tajiri. Alimchagua Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara na kuuza vyungu kabla ya sauti yake kuvuma ng'ambo ya bahari.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vyake kadhaa, Utubora Mkulima kikiwemo, vilichapishwa baada ya yeye kuzikwa.

Wakubwa waliomtuma kubeba mafaili wamesahaulika, ilhali jina la karani wao lingali hai. Cheo ni dhamana, nao utu ndio hubaki.