Cheo sicho kilichomfanya Mekatilili kuwa kiongozi

Hapa Watamu hatuna uhaba wa viongozi. Hesabu vikundi vya wavuvi, vya waendesha mashua za watalii, vya kina mama wa mikoko kule Mida na vyama vya kukopeshana. Kila kimoja kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na muhuri. Uhaba wetu ni wa wafuasi. Nimeketi katika vikao vingi vya namna hii, na nimeona mwenyekiti akiita mkutano mara tatu na viti vikabaki vitupu, ilhali kuna mama fulani asiye na cheo chochote ambaye akisema neno jioni, asubuhi watu wamejaa.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Jibu naliona katika maisha ya mtu ambaye sanamu yake iko hapo Malindi, na ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu: Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, akapewa jina la Mnyazi. Katika watoto watano wa nyumba yao, yeye peke yake alikuwa binti. Yasimuliwa kwamba nduguye, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Sisi wa pwani hatupendi kulitaja sana jambo hilo, lakini tusipolitaja hatutaelewa kwa nini baadaye aliposikia serikali inataka vijana wa Kigiriama, masikio yake yalisikia kitu kingine. Alipozaa mtoto akamwita Katilili, watu wakamwita mama yake, Mekatilili. Hata jina tunalomkumbuka nalo alipewa na watu.

Wagiriama wa zamani hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kambi, na kitovu chao kilikuwa Kaya Fungo. Lakini kufikia mwanzo wa karne ya 20, watu walikuwa wametawanyika kutafuta mashamba, wengine mpaka ng'ambo ya Mto Sabaki, na sauti ya wazee wa kaya ilikuwa imefifia. Waingereza walipokuja kutaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, hawakumpata mtu mmoja wa kumwamrisha. Basi wakajitengenezea viongozi. Waliteua wakuu wa vijiji, na mwishoni mwa mwaka 1912 afisa wao, Arthur Champion, akaletwa kukaa karibu na watu ili amri zitekelezwe.

Hapo ndipo serikali ilipokwama. Wakuu wale walikuwa na cheo na walikuwa na serikali nyuma yao, lakini jirani zao waliwaona kama watu wa kukusanya kodi. Tena Wagiriama walikuwa wakilima mahindi na kuyauza, kwa hiyo hawakuona haja ya kwenda kuwa vibarua. Mkuu akisema twende, hakuna anayekwenda. Serikali ilikuwa imemteua kiongozi, lakini hakuna serikali inayoweza kumteulia mtu wafuasi.

Mwaka 1913 akasimama Mekatilili, mama mtu mzima asiye na kiti katika kambi. Hakuanza kwa kudai ukubwa. Alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga ambayo kila mtu aliijua, na watu wakamfuata wakicheza. Walipokusanyika, alizungumza nao mambo ambayo tayari yalikuwa yakiwauma: vijana wanachukuliwa, kaya inasahauliwa, wazee hawaheshimiwi. Wengi walikuwa wakikumbuka bado utabiri wa Mepoho kuhusu wageni watakaokuja kuvuruga nchi. Mekatilili alichukua lililokuwa kifuani mwa kila mmoja akalitoa hadharani.

Kisha akawataka wafanye kitu. Katika mkutano mkubwa wa Kaya Fungo mwaka huo, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatalipa kodi wala kutoa vijana. Kwa wanaume alisimama naye mzee Wanje wa Mwadorikola, maana kuna milango ambayo mwanamke peke yake asingeifungua. Aliyekula kiapo alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine: jana alikuwa mlalamikaji, leo ni mfuasi. Na kila aliyejifanya mfuasi alizidi kumfanya Mekatilili kuwa kiongozi. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja, na hakuna lililotangulia.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Kiapo cha fisi kilitisha. Watu waliamini kwamba anayekivunja atakufa, na bila shaka wapo waliokaa kimya kwa hofu, hasa wale wakuu wa serikali waliojikuta katikati. Lakini hofu ya kiapo ilikuwa hofu ambayo watu wenyewe waliikubali katika mila yao. Hofu ya askari ililetwa kutoka nje, na ndiyo maana haikushika.

Masimulizi yanasema pia kwamba mbele ya Champion aliweka kuku mwenye vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama atafanya nini. Kila mwenye mtoto pale alielewa.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Serikali ilidhani inamwondoa kiongozi. Kumbe ilikuwa inamthibitisha, kwa sababu hakuna anayemhamisha mtu asiye na uzito mamia ya kilomita kutoka kwao. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu, na watu wakawapokea. Njia ile ndefu iliongeza heshima kuliko cheo chochote.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikaanza. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe watu 1,000 wa kubeba mizigo ya jeshi. Mekatilili akakamatwa tena na kuhamishwa. Wafuasi ndio waliolipa, nyumba kwa nyumba, na hilo tusilisahau tunapomsifu mtu mmoja.

Aliporudi mwaka 1919, hakusahauliwa. Alikaa Kaya Fungo akiongoza baraza la wanawake, na Wanje akiongoza la wazee. Cheo kilikuja mwisho, baada ya watu kumjua. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Sasa turudi kwenye vikundi vyetu. Tunaanza na uchaguzi, tunaandika majina kwenye fomu, halafu tunashangaa watu hawaji. Mekatilili alianza na ngoma ya watu, akataja uchungu wao, akawaomba tendo moja ambalo kila mmoja angelitenda kwa mkono wake. Mwenyekiti anayelalamika kwamba wanachama ni wavivu ajiulize amewahi kuwaomba nini zaidi ya ada.

Na sisi tunaokaa nyuma tukisema viongozi wetu ni wabovu, tujiulize pia. Watu wa mwaka 1913 hawakumkuta Mekatilili akiwa kiongozi tayari. Walimfanya kiongozi siku walipotoka majumbani kwenda Kaya Fungo.